Longibodi haigeuki, inateleza au inavuma? Anza na pezi

Kila mwaka kusi ikianza kushika, mwezi wa tano hivi, ufukweni pale Malindi nasikia malalamiko yaleyale. Mtu kanunua longibodi, ule ubao mrefu wa kupandia mawimbi, ya mtumba kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, futi 9 na inchi kadhaa, bodi nzuri tu, alafu wiki ya pili anakuja kakunja uso anasema nimeuziwa takataka. Haigeuki. Ama inageuka yenyewe wala hajaiambia. Ama akisimama tu nyuma ya bodi inamponyoka. Nikiipindua nikaangalia chini, mara nyingi bodi haina neno, shida ni pezi, lile bapa linalosimama chini ya bodi kule nyuma na kushika maji, ama si saizi yake ama limefungwa mahali sipo, na kulisogeza nusu inchi ni kazi ya dakika tatu na bisibisi moja, haigharimu hata shilingi. Inaniuma sana kuona mtu anauza bodi kwa hasara kwa sababu ya nusu inchi, ndo maana naandika hii yote, dalili kwa dalili, na sababu kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe nazikagua.

Tuelewane majina kwanza. Nyuma ya bodi naita tezi na mbele omo, kama jahazi. Pezi lina kitako, ile sehemu pana inayokaa kwenye bodi, na lina ncha. Ukingo wa mbele unakata maji, ukingo wa nyuma unayaachia. Kuna pezi lililosimama wima na ncha yake pana, na kuna pezi lililolala kuelekea nyuma kama la papa, na haya mawili ni wanyama tofauti kabisa hata kama yote ni inchi 9. Vipezi ni vile vidogo vya pembeni, vinakaa kama mirengu ya ngalawa, kimoja kila upande. Boksi ni ule mfereji wa inchi 10 hivi katikati ya tezi ambamo pezi linaingia, na ndani ya huo mfereji pezi linatembea, linaenda mbele linarudi nyuma. Nimekutana na watu wamepanda mawimbi miaka mitatu hawajui kama pezi linatembea! Wanalifunga palepale alipoliacha mwenye bodi wa kwanza.

Kabla hujagusa chochote fanya hivi ukiwa nyumbani. Shika ncha ya pezi utikise kushoto kulia, lisicheze hata kidogo. Pima urefu wake, kutoka kitako kushuka wima mpaka ncha, usifuate mkunjo. Alafu chukua penseli uweke alama pembeni ya boksi pale kitako kinapoanzia, na kwenye simu uandike tarehe, pezi gani, limekaa wapi, mawimbi yalikuwaje. Na sheria moja mimi siivunji: badilisha kitu kimoja, panda mawimbi kumi, ndo ubadilishe kingine. Ukibadili pezi na ukalisogeza na ukatoa vipezi siku moja, bodi ikiwa tamu hujui kwanini, ikiwa chungu pia hujui kwanini.

Tezi inaponyoka ukigeuka

Naanza na hii kwa sababu ndo inaumiza watu. Unashuka na wimbi, unaegemea ugeuke, na ghafla nyuma hakuna kitu, bodi imezunguka kama sahani, we uko majini na futi 9 za faiba zinakutafuta kichwa.

Sababu ya kwanza ni pezi dogo. Kipimo ambacho kila mtu anaanza nacho ni chepesi: bodi yenye pezi moja tu, inchi 1 ya pezi kwa kila futi 1 ya bodi. Futi 9 na nusu inataka pezi la inchi 9 mpaka 10. Hiki ni kianzio tu, sio amri, mtu mzito anaongeza kidogo, mtu wa kilo 55 anapunguza, na tezi pana iliyokatwa mraba inataka pezi kubwa kuliko tezi iliyochongoka, maana ule upana maji yanauinua na lazima kiwepo kitu cha kuushikilia.

Mwaka jana kijana mmoja jirani yangu alikuja na bodi ya futi 9 inchi 6 begani. Kaka hebu niangalizie hii, inanitupa kila wimbi. Nikaipindua kwenye mchanga. Katikati pezi la inchi 7, na pembeni kuna viboksi viwili vitupu vimejaa mchanga mpaka juu, na jibu lilikuwa pale pale. Hiyo bodi ilitengenezwa ivae pezi moja la kati na vipezi viwili, na kwa mpangilio huo pezi la kati huwa fupi, inchi 6 mpaka 8, kwa sababu vipezi vya inchi 3 na nusu au 4 vinasaidia kushika maji ukiegemea ubavu. Vipezi vilipotea kabla bodi haijamfikia, kwa hiyo pezi dogo likabaki peke yake na kazi ya watatu. Hakuwa na hela ya vipezi siku hiyo, nikamwazima pezi langu la inchi 9 na nusu tukalifunga katikati ya boksi. Wimbi la tatu akanipita mshazari, magoti yamekunjwa, mkono wa nyuma unachora maji, tezi imetulia kama imegongomelewa, na alipiga ukelele mpaka wavuvi waliokuwa wanavuta juya wakageuka kuangalia.

Sababu ya pili, pezi limekaa mbele mno kwenye boksi. Kadri linavyosogea mbele ndivyo tezi inavyokuwa nyepesi na huru, nzuri kwa kugeuka lakini ukizidisha inapoteza mshiko. Rudisha nyuma nusu inchi ujaribu. Ya tatu ni hewa, na hii wengi hawaijui. Ukigeuka kwa nguvu mpaka kitako cha pezi kinachungulia juu ya maji, hewa inanyonywa kushuka kufuata pezi, na pezi lililozungukwa na hewa halishiki kitu. Pezi lenye ukingo wa mbele ulioliwaliwa na mwamba linaivuta hewa haraka zaidi, kwa hiyo pitisha kidole pale mbele, ukihisi meno meno ulisawazishe kwa msasa. Ya nne ni yale mapezi ya plastiki laini yanayokuja bure na bodi za bei nafuu, ukiyasukuma kwa kidole ncha inapinda kama sikio, na ndivyo linavyofanya majini, linajikunja halafu maji yanapita. Faiba inapinda kidogo na inarudi kwa nguvu, plastiki ya hivo inapinda tu.

Hii ya kuponyoka ni shida ya zamani kuliko wote tuliopo. Wahawaii walipanda mawimbi karne na karne kwa mbao zisizo na pezi hata moja, mtu akitaka kugeuka anaburuza mguu majini. Ni mpaka 1935, Waikiki, Tom Blake alipochukua kimkuku cha boti ya mwendo kasi iliyotelekezwa akakifunga chini ya ubao wake, na mara moja ubao ukaacha kuteleza kando. Kila pezi unaloliona leo dukani limetoka kwenye hicho kipande cha boti mbovu.

Bodi nzito kugeuka, inaenda mbele tu kama treni

Hapa kabla ya pezi angalia miguu, nasema kwa nia njema kabisa. Longibodi haigeuki ukiwa umesimama katikati. Mguu wa nyuma lazima urudi mpaka karibu juu ya pezi, ndo omo inanyanyuka na bodi inazunguka. Kama unasimama palepale ulipoinukia na unategemea mabega yageuze futi 9, hakuna pezi duniani litakalokusaidia. Jaribu kwanza kurudi hatua mbili, bodi ikikubali, basi funga mada.

Ikikataa, angalia pezi limekaa wapi. Kama limesukumwa mpaka mwisho kabisa wa boksi kule nyuma, hapo ndo penye ugumu, bodi inakuwa imara sana na mkaidi sana. Sogeza mbele nusu inchi. Kisha nusu ingine siku ingine. Nusu inchi kwa macho ni kitu kidogo lakini miguuni utaisikia wimbi la kwanza tu, niamini.

Bado? Basi umbo. Pezi lililolala nyuma sana linachora mikunjo mirefu mirefu, tamu kwenye wimbi kubwa lenye uso mrefu, lakini kwenye mawimbi yetu ya kiunoni yanayofunga haraka hujamaliza kugeuka wimbi limeshakufa. Pezi lililosimama wima linazungusha bodi palepale kama mlango kwenye bawaba, unarudi nyuma unakanyaga tezi na omo inapindukia upande wa pili. Kwa mtu anayejifunza kwenye mawimbi madogo mimi nampa la wima, ama la katikati, halijasimama sana halijalala sana.

Na hapa kuna kitu kilibadilisha mchezo mzima. Miaka ya 60 Mmarekani mmoja wa California, George Greenough, alichoka na mapezi ya enzi ile yaliyokuwa mapana mazito kama jembe, akaanza kuangalia samaki wenye mbio, jodari na jamaa zake, mapezi yao membamba yaliyochongoka yanayopinda nchani na kurudi. Akatengeneza ya faiba kwa umbo hilo. Mwaka 1966 kwenye mashindano ya dunia San Diego, Nat Young wa Australia akashinda kwa bodi aliyoiita Sam, nyembamba kuliko za wenzake, chini ina pezi la mtindo huo, na alikuwa anageuka juu chini kwenye wimbi wakati wengi walikuwa wanasifika kwa kusimama omo. Yeyote aliyewahi kumpasua jodari akashika lile pezi la mkia mkononi, gumu kwenye shina na jepesi nchani, anaelewa alichokiona Greenough bila kuelezwa zaidi. Kwa hiyo kama bodi yako haigeuki na pezi lako ni pana kuanzia juu mpaka chini, labda unahitaji la namna hii, kitako cha kutosha lakini ncha nyembamba.

Mwisho, kama una vipezi, vitoe siku ya mawimbi madogo. Pezi la kati likiwa inchi 8 au zaidi bodi itashika tu, na utashangaa inavyolegea.

Ukisogea omo, tezi inanyanyuka na unazama

Huu ndo utamu wa longibodi, kutembea taratibu mpaka mbele na kuning'iniza vidole. Na ndo panapovunja mioyo ya watu. Unachotaka kuelewa ni kwamba ukiwa mbele kule, kinachokuzuia usizame ni tezi kushikwa na maji, wimbi linapita juu yake linaikandamiza, na pezi linaizuia isiteleze kando. Pezi dogo au lenye ncha nyembamba inayopinda haliwezi kazi hiyo. Hapa unataka refu, limesimama wima, pana kitakoni na pana nchani, gumu, inchi 9 na nusu au 10 kwa bodi ya futi 9 na nusu. Lianzie katikati ya boksi, kama tezi bado inayumba ukiwa mbele lirudishe nyuma kidogo kidogo.

Ila niseme ukweli, pezi lina mwisho wake. Kama tezi ya bodi yako ni nyembamba na imenyooka kama rula, haijakunjwa juu kidogo, hiyo haikuumbwa kwa kazi ya omo, na pezi la inchi 10 litaipa uzito tu bila faida. Na kama unakimbia mbele kabla bodi haijaingia kwenye sehemu ya wimbi inayosimama, utazama hata ukifunga mlango wa nyumba kule nyuma.

Inavuma, mlio kama nyuki chini ya miguu

Hii wengi wanaipenda mwanzoni, wanadhani ndo sauti ya mbio. Hapana, ni pezi linatetemeka. Maji yakiachana na ukingo wa nyuma bila mpangilio yanatengeneza vimbunga vidogo, kimoja kushoto kimoja kulia, vinalipiga pezi mara nyingi kwa sekunde mpaka linaimba, na kila mtetemo ni mbio unazozipoteza.

Kagua hivi. Lifungue pezi ulishike mbele ya dirisha, ukingo wa nyuma ukielekea kwako, uangalie kama fundi anavyoangalia ubao kama umenyooka. Ukingo unatakiwa uwe mwembamba na sawa kuanzia juu mpaka ncha. Pitisha ukucha taratibu pande zote mbili. Pale ukucha unapokwama ama unapohisi kabega upande mmoja na upande mwingine hakuna, hapo ndo panapoimba. Mara nyingi ni rangi au rezini, ile gundi inayogandisha faiba, iliyojikusanya kiwandani, au pezi limegongwa likavimba.

Dawa ni msasa wa maji. Anza namba 220, kipande kidogo umekizungushia kipande cha mti ili kisifuate mashimo, uloweshe, na upitishe kwa urefu wa ukingo, sio kukata kukatisha. Mipito kumi kushoto, kumi kulia, uhesabu kweli, maana pezi la kati lazima pande zake mbili zilingane. Alafu 400, alafu 600 mpaka liwe laini kama ganda la yai. Usilete ukali wa kisu, linakuja kukukata paja, acha unene kama wa sarafu nyembamba. Ukiona nyuzi nyeupe za faiba zimetokeza, pitisha rezini nyembamba sana kwa kidole chenye glovu, isubiri ikauke, alafu 600 tena. Barakoa uvae ukipiga faiba msasa mkavu, vumbi lake sio la kuchezea mapafu.

Kama ukingo ni safi na bado inavuma, pezi linacheza ndani ya boksi. Kata kipande cha plastiki nyembamba, hata cha chupa ya maji, ukichomeke ubavuni mwa kitako mpaka kikaze, ufunge tena.

Inavuta upande mmoja

Umesimama sawa, hujaegemea, na bodi inataka kulia kila mara. Kama una vipezi, naweka dau vimebadilishwa upande. Kipezi kina uso mmoja bapa na mmoja uliovimba kidogo. Uso bapa unaangalia ndani, kwenye pezi la kati, na uliovimba unaangalia nje, na mlazo wa vyote unaelekea nyuma. Mtu akifunga gizani alfajiri anakosea kirahisi, na wakati mwingine anafunga viwili vya kushoto kwa sababu alinunua kimoja kimoja. Angalia pia kama vyote viwili ni saizi moja.

Kama ni pezi moja tu, likague kama limepinda. Pezi la plastiki lililoachwa kwenye gari juani, bodi imelalia, linapinda na halirudi. Faiba pia inaweza. Likiwa limenyooka, vuta uzi kutoka katikati ya omo mpaka katikati ya tezi, upite juu ya boksi. Uzi ukipita kati ya mfereji mwanzo na mwisho, boksi liko sawa. Ukikuta boksi limekaa upande hiyo ni kazi ya fundi kulitoa na kulipanga upya, na kama bodi ni ya bei ndogo mimi ningeizoea tu.

Nzito, haishiki mawimbi madogo

Kwanza kabisa nyoosha mkono chini uguse pezi, ukiwa hukohuko majini. Kusi ikivuma siku tatu nne mfululizo bahari inajaa majani na mwani, na shada moja likinasa pale kitako kinapokutana na bodi unakuwa umeburuza nanga bila kujua. Mahali penye mwani mwingi pezi lililolala nyuma ni bora, majani yanateleza yanatoka yenyewe, la wima linayakusanya kama uma.

Kama ni safi, basi una eneo kubwa mno majini. Pezi la inchi 10 na vipezi juu yake, kwa mtu wa kilo 60, kwenye wimbi la gotini, ni kujichosha. Toa vipezi. Kama bado, shuka inchi nzima. Mapezi manene ya plastiki yana unene usio na mpango na yanavuta maji kuliko ya faiba ya saizi hiyohiyo.

Bodi inayumbayumba hata ukienda moja kwa moja ni kinyume cha haya, pezi dogo au liko mbele mno, na tiba unaijua tayari.

Limegonga mwamba

Malindi tuna bahati ya ghuba yenye mchanga, lakini ukienda Watamu au Diani mawimbi yanavunjika kwenye mwamba, na wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Pezi la inchi 10 ni sentimita 25 chini ya bodi, piga hesabu na maji yaliyobaki juu ya matumbawe saa mbili baada ya maji kuanza kupwa. Mimi sehemu hizo navaa la inchi 8 na naingia maji yakijaa, na nakubali kupoteza mshiko kidogo. Wakati wa mvua maji ya mto Sabaki yakishuka na udongo wake huoni hata goti lako, hapo usibahatishe kabisa.

Ukigonga, usiangalie pezi tu, angalia boksi. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka boksi lote, ukiona ufa mwembamba kama unywele au maji yanachuruzika, bodi imeanza kunywa. Toka majini siku hiyohiyo. Isimamishe tezi ikiwa chini, kivulini, siku kadhaa mpaka ikauke kabisa, ndo izibwe. Na hapa tafadhali sana, kabla fundi wa maboti hajapaka rezini muulize bodi ni ya povu gani. Kama ndani kuna ile povu nyeupe ya punje punje kama ya kufungia televisheni, rezini ya kawaida ya polista inaiyeyusha mbele ya macho yako, hiyo inataka rezini ya epoksi. Niliona bodi nzuri ya rafiki yangu ikitoboka shimo la ngumi kwa dakika chache kwa sababu hakuna aliyeuliza. Fundi alikuwa mzuri tu kwa maboti, ila hajawahi kukutana na povu ile.

Skrubu haikazi, ama kibati kimepotea

Ndani ya boksi kuna kibati kidogo cha chuma chenye tundu, ndo nati, na skrubu inashuka kupitia pezi mpaka ndani yake. Kikianguka mchangani umeagana nacho. Ujanja: nyumbani, zungusha skrubu kwenye kibati mizunguko miwili tu, ushike skrubu kama mpini, ukidumbukize kibati kwenye ule uwazi mpana wa mfereji na ukisukume mpaka kwenye alama yako. Fungua skrubu, kibati kinabaki pale. Kisha ingiza pini ya nyuma ya pezi kwenye uwazi huohuo, lisukume nyuma, lilaze mbele mpaka tundu lake likae juu ya kibati, na ukaze. Kaza kwa vidole viwili tu vya bisibisi, sio kwa bega. Ukikaza kupita kiasi unavunja sikio la pezi au unakula nyuzi za skrubu.

Kama skrubu inazunguka bila kukaza, huenda una vitu vya ndoa mbili. Skrubu nyingi za Marekani zina nyuzi za inchi, zinaitwa 8-32, na duka letu la vifaa vya ujenzi litakuuzia ya milimita 4, ambayo kwa macho ni pacha wake. Inaingia, inacheza, mizunguko mitatu, alafu inakwama ama inakula nyuzi. Ukinunua mtaani nunua skrubu na nati pamoja, zote milimita 4, nati ya mraba nyembamba inayoingia mferejini, na chagua chuma kisichoshika kutu. Ya kawaida ndani ya mwezi mmoja wa chumvi imeshaungana na kibati, na utakuja kuikata kwa msumeno. Iliyokwisha kushika, mwagia siki, subiri usiku mzima, asubuhi ipashe joto kidogo kwa ncha ya pasi ya kulehemu, mara nyingi inaachia.

Na kama pezi lenyewe ndo hakuna, na la kuagiza linakuja na ushuru unaokaribia bei yake, zungumza na fundi wa ngalawa. La kwangu la akiba ni plaiwudi ya marini, ile ya kutengenezea boti, tulichora umbo kwa kulizungushia penseli pezi la rafiki, fundi akachonga, tukapaka faiba na epoksi pande zote, matabaka mawili. Kitako ndo kilitusumbua, mara mbili kilikuja kinene hakiingii mferejini na mara moja kikawa chembamba kikacheza, mpaka fundi akapata wazo la kupima kwa kadi ya simu, akawa anachonga kidogo anaingiza anatoa. Halina ncha inayopinda kama ya faiba nzima, kwa hiyo ukigeuka halikurushi mbele, lakini linashika, na lina miaka minne chini ya bodi ya futi 9 ambayo watoto wa mtaani wanajifunzia.